Shilingi na Mama Yake

Nyinyi vijana mtakaosoma haya mkiwa mmelala chali na simu juu ya uso, amkeni kwanza mkae. Siku moja mtaulizwa kama nchi yetu iachane na shilingi yake, ichukue pesa moja na majirani. Mtaulizwa na watu wamevaa tai, na swali litakuja limepigwa pasi vizuri mpaka mwone haya kusema hamjui. Mimi nilisoma nikaishia darasa la tatu, na hilo swali halikunipita. Lilikuja mpaka sebuleni kwangu hapa Kitengela, likakalia kiti, likala nyama, na kidogo tu limnyime mjukuu wangu bwana. Nitawaambia vile ilikuwa, halafu nyinyi wenye masomo mtaamua.

Ploti yetu iko upande wa barabara ya Namanga. Marehemu mume wangu alikuwa kibarua kwa kiwanda cha simiti kule Athi River mpaka kifua kikakataa, na hapa tulinunua wakati kulikuwa na swara kuliko watu. Ndugu zetu kule Ukambani walitucheka, wakasema tumenunua upepo. Niko na vijana wawili. Kila mmoja ana nyumba yake na mlango wake, na mimi nyumba yangu iko katikati, kama mpaka.

Mkubwa ndiye msomi. Anafanya kazi ya ofisi Nairobi, na Jumapili tukitoka kanisani hutufundisha. Kwa muda mrefu somo lilikuwa moja tu, pesa moja ya Afrika Mashariki. Alisema mtu akivuka na vitunguu anakatwa akibadilisha pesa, akirudi anakatwa tena, ni kama kupita kwa lango lenye mbwa wawili, mmoja wa kukuuma ukienda na mwingine wa kukuuma ukirudi. Alisema mipaka ilichorwa na Wazungu kwa rula, na sisi tumekaa tukilinda rula ya mtu alishaenda kwao. Maneno yalikuwa matamu. Ningemwamini kabisa kama si maji ya boma hii.

Kwa sababu tuko na tangi moja. Vijana wangu walichanga wakalinunua pamoja, na lori la maji lilikuwa linakuja, leo analipa huyu, wakati ule mwingine analipa yule. Halafu mkubwa akasema watoto wa mdogo wanaoga kama bata. Mdogo akajibu kwamba bibi ya mkubwa anaosha gari na maji ya kupikia. Mkubwa akaweka kufuli kwa mfereji. Mdogo hakuivunja, yeye ni mpole. Aliweka yake juu ya ile. Tangu hapo, kufungua tangi kulitaka ndugu wote wawili wawe nyumbani, wawe na funguo, na wawe wanaongea. Mimi nikawa nanunua maji kwa mtu wa punda.

Jumapili moja nilimwuliza mkubwa, hiyo pesa ya nchi zote, ufunguo atakaa nao nani. Akasema kutakuwa na benki moja kubwa, na kila nchi italeta mtu wake.

"Na kila mtu atakuja na kufuli yake?"

Akaomba chumvi.

Sasa mjukuu wangu. Huyo ni kifungua mimba wa msomi, na anafanya kazi huko Namanga kwa ofisi ya watu wa kutoa mizigo ya malori. Huko ndiko alipata kijana wa ofisi kama hiyo upande wa pili wa mpaka, wa kutoka Longido. Msichana alinitangulizia mimi habari kabla ya baba yake, kama inavyofaa. Nikasema mlete nimwone, nione kama anajua kukaa na watu.

Kijana akaja. Mrefu, viatu vimepigwa rangi. Aliingia akainama mbele yangu, akasema, "Shikamoo, bibi."

Nyumba yote ikanigeukia. Hapa kwetu bibi ni mke wa mtu. Mwanangu mdogo akaniuliza kwa heshima sana kama kuna jambo ambalo hawajaambiwa tangu baba yao afariki. Mjukuu wangu alificha uso ndani ya leso. Kijana akaanza kutoka jasho, akaeleza kwamba kwao bibi ni mama ya baba au mama ya mama, na si matusi. Nikawaambia waache kucheka, neno ni moja na maana ni mbili, na hakuna mtu amekufa. Hapo tungepaswa kujifunza kitu. Hatukujifunza. Chapati zilikuwa zinapoa.

Siku ya kuzungumza mahari, wageni walivuka Namanga mapema, wakafika na baba mkubwa wa kijana akiwa mbele. Mzee wa Kimaasai, shuka nyekundu juu ya koti, fimbo nyembamba mkononi. Akanisalimia "Takwenya," na mimi nimekaa na Wamaasai miaka mingi, nikamjibu "Iko" bila kusita. Alifurahi. Upande wetu msemaji alikuwa shemeji yangu, ndugu wa marehemu, mtu ambaye anaweza kupatana bei ya sindano mpaka mwenye duka aombe kiti.

Kwa desturi, wanaume walifunga mlango wa sebule. Msichana alikuwa nasi jikoni. Kijana hakuingia pia, aliachwa nje kwa gari, maana bwana harusi hakai mahali anapopangiwa. Kwa hivyo wale watu wawili ambao wanashika pesa za nchi mbili kila siku ya kazi waliwekwa nje, mmoja kwa masufuria na mwingine kwa jua, ndio wazee wazungumze kwa utaratibu.

Shemeji alikuwa amepanga na wenzake. Angetaja laki tano, wageni wangeshtuka, wangeshusha, wangeombwa, na mwisho wangetulia kwa laki mbili na kila mtu aseme ameshinda. Nilimsikia kupitia dirisha la jikoni akisema kwa sauti yake ya mnadani, shilingi laki tano. Nikangoja wageni wagune.

Hawakuguna. Walinong'onezana Kimaa kidogo, kisha mzee akasema, "Tumekubali."

Mtu anayekubali bei ya kwanza, ama hana akili ama anajua kitu. Hayo nilimwambia mke wa mwanangu mdogo pale jikoni, lakini yeye alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele. Mzee wa Longido akatoa shukrani ndefu. Alisema amekuja akiwa na hofu, maana kwao wanasikia Wakenya wanapenda pesa, kumbe hawa watu hawauzi mtoto wao, wanampa kwa mapenzi. Wetu wakatazamana. Waliona unyenyekevu wa ajabu, mtu anatoa laki tano kisha anashukuru kama amepewa. Mwanangu mkubwa akasimama, akasema hii ndiyo Afrika Mashariki anayoisema yeye kila Jumapili, watu wanaelewana kwa lugha moja, bila mkalimani. Wakala mbavu zote. Kule nje kijana na msichana walipatana kando ya gari, wakaambiana laki tano, laki tano, na wakashikana mikono kwa furaha. Hata wao. Mapenzi hayaulizi maswali ya forodha.

Kabla hata mahari haijafika, lori lilisimama kwetu likashusha tangi jipya, jeusi, kubwa kama kibanda. Mwanangu mkubwa alikuwa ameliagiza kwa deni kidogo, la kulipwa mahari ikija. Lake peke yake. Nikamwuliza, wewe si ndiye mtu wa kuunganisha? Akasema hayo ni mambo mawili tofauti, Mama. Nikasema sawa.

Wageni wakarudi na bahasha nene kama Biblia. Safari hii mlango haukufungwa sana, kwa sababu kila mtu alitaka kuona. Shemeji akafungua bahasha kwa vidole viwili, kama mtu anayemfunua mtoto mchanga. Akatoa noti, akaitazama, akaigeuza.

"Mzee, huyu simba anafanya nini hapa?"

"Hizo ni elfu mbili mbili," mzee akasema. "Hesabu tu. Ni laki tano kamili."

"Laki tano ya nini?"

"Ya shilingi."

"Shilingi gani?"

"Kwani wewe ulisema gani?"

Shemeji alikuwa amesema shilingi. Tupu hivyo. Bila baba, bila mama, kama kuku wa barabarani. Na kwa sababu shilingi yao karibu ishirini ndiyo inafanya moja yetu, mwanangu mkubwa alitoa simu, akabonyeza, akatoa jibu kwa sauti ya mtu anayesoma majibu ya hospitali. Haifiki elfu thelathini. Akageuka akaangalia dirishani, na huko dirishani kulikuwa na tangi.

Sasa maneno yakaanza. Upande wetu mtu alisema hiyo ni bei ya mbwa wa kulinda. Upande wao kijana mmoja akajibu kwamba laki tano ya Kenya mtu anaoa kwao wake wawili na kubaki na ng'ombe. Shemeji akasema wamekuja kutucheza. Mzee akasema yeye hajacheza tangu atahiriwe, na kwamba yule aliyetega mtego ni mtu aliyetaja pesa bila kusema ni ya serikali gani, akiwa amekaa na wageni ambao alijua wamevuka mpaka.

Mwanangu mkubwa hakuweza kujizuia. Akainuka na kidole. "Mnaona sasa? Tungekuwa na pesa moja, haya yote hayangetokea."

Mzee wa Longido alimtazama kwa huruma. "Tungekuwa na pesa moja, mwanangu, ningekataa siku ile ile, niende nyumbani na njaa. Hii pesa mbili ndiyo imetupa undugu mpaka leo."

Watu wa pande zote mbili walicheka, lakini hakikuwa kile kicheko cha kuponya. Mzee akachukua fimbo yake. Na wageni wakimwona mkubwa wao ameshika fimbo, wanaanza kutafuta viatu.

Mjukuu wangu alikuja nyuma yangu na mwiko mkononi, uji wa ugali unamwangukia kwa kanga wala haoni. Huyo msichana nimemlea. Hakulia alipong'olewa jino. Akaniambia polepole, akiniita nyanya kwa Kikamba, "Susu, wakitoka hivyo, hawarudi."

Kwetu mwanamke haingii mahali wanaume wanazungumza mahari. Nimewafundisha hivyo wake wa vijana wangu, tena kwa ukali. Nikavua aproni, nikaingia.

Niliwaambia wakae. Walikaa, nafikiri kwa kushangaa. Nikamwuliza mzee, "Kwenu mnajua mbuzi?"

Alinitazama kama nimemwuliza kama anamjua mama yake. "Tunajua, mama."

"Na sisi tunajua. Basi shilingi imetushinda sote. Semeni mbuzi."

Kwa sababu sisi Wakamba tuko na mbuzi wa ntheo. Pesa unaweza kutoa mlima, lakini bila hao mbuzi msichana hajaolewa, hata akivaa pete kwa vidole vyote kumi. Na ukishawaleta na wakaliwa, huyo ni mke wako, mengine mnadaiana polepole mpaka uzeeni, bila kukosana. Mzee akaweka fimbo chini. Wakataja mbuzi, wakaelewana haraka, na shemeji akasema wazo hilo lilikuwa kwa ulimi wake tayari. Nikamwacha nalo.

Mimi nilirudi jikoni nikijiona. Nikasema moyoni, hawa wasomi wanatafuta pesa moja ya nchi zote kwa mikutano na ndege, kumbe Mungu alishaiumba, ina kwato nne. Nisiwafiche, nilikaa na hiyo fahari siku kadhaa, mpaka nikaambiwa habari ya mbuzi wenyewe.

Mbuzi wa Longido hawakuweza kuvuka. Shilingi inavuka mpaka ndani ya mfuko wa suruali, lakini mbuzi anaulizwa barua ya daktari wa mifugo, anaulizwa ametoka wapi na anaenda kwa nani. Ikabidi mzee avuke mwenyewe mikono mitupu akanunue mbuzi soko la Bisil. Na Bisil hawataki kuona simba. Wanataka shilingi ya Kenya. Kwa hivyo alisimama Namanga kwa wale vijana wenye mafungu ya noti, wakambadilishia, wakamkata. Alipofika kwetu alitueleza akinywa chai, bila uchungu, kwamba hao vijana wamekula mguu mzima wa mbuzi wetu, na wameula mbichi.

Mwanangu mkubwa aling'aa kama sufuria mpya. "Mama, umesikia?"

Nikasema nimesikia. Hao vijana walishanikata mimi pia, siku nilienda kununua vitenge. Nilimwongezea chai, na kwangu hiyo ndiyo njia ya kukubali.

Tukatoka nje kuona mbuzi. Walikuwa wazuri, manyoya laini, wameshiba licha ya kiangazi. Shemeji akawazunguka, akainama, akashika sikio la mmoja. Lilikuwa limekatwa pembeni, kipande kama cha ukucha.

"Huyu ana kilema," akasema. "Mbuzi wa ntheo hatakiwi kuwa na kilema."

Mjukuu wangu alikuwa mlangoni. Niliona anashika mwimo.

"Hicho si kilema," mzee akasema. "Hiyo ni sahihi. Kila boma huwa na mkato wake, ndio mtu ajue mali ni ya nani. Mbuzi ambaye sikio lake ni zima, mzee mwenzangu, huyo ndiye wa kuogopa. Huyo hana mwenyewe."

Shemeji akataka kujibu. Nikamwambia kama anataka mbuzi asiye na mwenyewe, aende amtafute kwa polisi. Akaachilia sikio.

Lakini hilo sikio lilibaki na mimi. Kumbe hata mbuzi, ambaye nilimtangaza kuwa pesa ya watu wote, ana alama ya mtu. Noti yao ina simba wao, na yetu ina alama yetu. Sasa hiyo pesa moja ikija, sikio litakatwa na nani? Na yule ambaye kwao mkato huo ni kilema, mtamwambiaje? Sikatai. Huenda siku moja ndugu wataelewana, na nitakuwa nimekufa, na mtanicheka. Shilingi yetu ni mgonjwa kila mara, leo inasimama kesho inalala, lakini ikiugua angalau tunajua ni nani wa kugombeza, na anasikia kwa lugha yetu. Ikiwa ya watu wengi, kila mmoja atasema aliyeangusha chungu ni yule mwingine. Hayo nimeyaona, na si kwa kitabu. Nimeyaona kwa mfereji ulio na kufuli mbili.

Mbuzi wakaliwa. Msichana akaolewa, na sasa anaishi Namanga, upande wa huku kwa kazi na upande wa kule kwa kulala. Tangi jeusi lilirudishwa, lori likalichukua likiwa halijawahi kuonja maji. Kufuli mbili zikabaki.

Juzi, tukiwa tumekaa wote tukinywa chai, kijana akapiga simu, mjukuu wangu anacheka nyuma yake. Akasema, "Shikamoo, bibi. Nimekutumia shilingi elfu hamsini, ununue tangi lako mwenyewe uache kusumbuka na maji."

Mngeona hiyo nyumba. Mwanangu mkubwa alisimama, akasema yeye anajua mahali tangi nzuri zinauzwa. Mdogo akasema atajenga msingi wa mawe, bure. Hao wawili walikuwa hawajakubaliana jambo tangu mvua ya mwaka mwingine. Mke wa mdogo akaita watoto waje wamshukuru shemeji yao.

Nikauliza kwa simu, "Ya kwenu ama ya kwetu?"

"Ya huku, bibi."

Wakakaa chini, mmoja mmoja. Ilikuwa ya kutosha mapipa mawili ya plastiki na kifuniko cha moja. Nilimshukuru kijana kwa moyo wote, kwa sababu kwao hiyo si pesa kidogo, na kwa sababu yeye pekee ndiye alifikiria kiu yangu. Nilipokata simu, mwanangu mkubwa alikuwa ameshasafisha koo. "Ndiyo maana mimi nasema, Mama, pesa ikiwa moja—"

Nikaweka kikombe chini. Nikawaambia, wakubwa kwa wadogo, na nikawafanya wairudie ndio nijue wamesikia: kuanzia leo, ndani ya boma hii, hakuna mtu atataja shilingi bila kumtaja mama yake. Na hizo kufuli mbili zitoke kwa tangi kabla sijamaliza hii chai, na funguo ziletwe hapa, kwa bibi.